Mgeni wa Mwaka Kogwa

Wiki hii mmetuuliza: "Kwenu mila za wazee zinalindwa na nani?" Kwetu ni Makunduchi, kusini ya Unguja, na aliyetarajia nitaje makumbusho au wizara atanisamehe. Kwetu zinalindwa na mgeni wa Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya.

Sisi hujiita Washirazi. Wazee husimulia vyombo vya baharini vilivyotoka Shirazi, mji wa Uajemi, yaani Iran ya leo, na ukiwabishia watakuelekeza Kizimkazi, hapo jirani, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Nilipokuwa skuli tulikuwa tukiicheka hadithi hiyo. Waajemi gani hawa wanaozungumza Kibantu? Kicheko kilipungua mwaka 2023, wataalamu walipochapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Makaburi ya kwetu hayakuwamo, lakini jibu lilitugusa: mchanganyiko ulianza kiasi cha mwaka 1000, upande wa mama ukiwa Waafrika, upande wa baba wengi wakitoka Asia, hasa Uajemi. Kumbe wanaume walishuka, wakaoa, na lugha wakaikuta ukweni.

Walichotuachia ni hesabu ya siku. Nairuzi, yaani mwaka mpya, ya Iran ni Machi, yetu inaangukia Julai. Mwaka wetu una miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za kujazia, basi. Ile siku ya ziada ya kila miaka minne haimo, kwa hiyo umekuwa ukirudi nyuma pole pole karne baada ya karne. Wavuvi na wakulima wa zamani walijua mwongo wa kupanda na mwongo wa kutotoka baharini.

Siku yenyewe mmeiona kwenye televisheni. Watu wa kusini na wa kaskazini wanatandikana kwa migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe. Wanawake, kanga mpya mwilini, wanaimba matusi ambayo siku nyingine yangewafikisha kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Kibanda cha makuti kinatiwa moto na aliyemo ndani anachomoka mbio. Siku hizi pana jukwaa na hotuba pia, nami jukwaa silipendi. Ukishakalishwa kwenye kiti umegeuzwa mtazamaji wa kwenu mwenyewe.

Kamera hazifiki majumbani. Siku ile kila nyumba iwe na mgeni, na nyumba isiyo na mgeni inahesabiwa haina raha mwaka mzima. Mwaka niliokuwa na miaka kumi sisi hatukuwa naye. Ndugu zetu wa mjini hawakuja, wali wa nazi umeshapakuliwa, na bibi anatazama mlango kila dakika. Mwisho akanishika bega: "Nenda kituoni, mwanangu. Usirudi peke yako."

Kituoni nilimkuta kijana wa Singida amekalia gunia la vitunguu, anasubiri gari ya kurudi mjini. Nikamwambia bibi anamwita. "Bibi yupi?" Wangu. Alicheka, kisha akajitwika gunia lake tukafuatana, nadhani kwa njaa zaidi kuliko adabu. Bibi alimnawisha mikono mwenyewe na kumwekea kichwa cha samaki aina ya changu, sehemu ambayo sisi watoto tulikuwa tukiigombania. Nilinuna mpaka magharibi.

Mwaka uliofuata alirudi bila kutafutwa. Wa tatu alikuja na wazee wake wawili kumposa mama yangu mdogo. Binamu zangu waliozaliwa katika ndoa hiyo leo wanapigana upande wa kusini, wanazungumza Kimakunduchi kilichonyooka kuliko changu mimi niliyehamia Dar es Salaam, na ukiwauliza asili yao watakujibu bila kupepesa jicho: Shirazi. Baba yao anakuwa hapo pembeni, anamenya kitunguu, wala habishi.