Meza ya Wasomaji: Kitabu Kimoja, Watu Sita

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tuko akina mama sita wa mtaa mmoja, tumeanzisha kundi la kusoma riwaya. Kitabu tulichonacho ni kimoja tu, kina kurasa 192. Tulianza kwa kupokezana, kila mtu siku nne. Kilipomfikia wa sita, wa kwanza alikuwa keshasahau hata jina la mhusika mkuu, na siku ya kukutana maongezi yakageuka ya kikoba. Tufanyeje?
*Msomaji wa Kihonda, Morogoro*

JIBU: Mama zetu, msilaumu kumbukumbu, hesabu ndiyo iliyowaangusha. Siku nne mara watu sita ni siku 24. Wa kwanza kakaa siku 20 hana kitabu mkononi, mnataka akumbuke nini?

Someni pamoja, kwa sauti. Ukurasa wa riwaya ya kawaida una maneno 250 hadi 300, na msomaji asiye na papara huumaliza kwa dakika mbili na nusu hivi. Kurasa 192 basi ni dakika 480, yaani saa nane kamili. Mkikutana mara moja kwa wiki, mkasoma saa moja na kuongea nusu saa, wiki nane zinatosha. Kila kikao ni kurasa 24, kila mmoja kurasa nne kisha anampa wa pili yake. Sura ikibakiza ukurasa mmoja au miwili, imalizieni; kukatia katikati ya sura ndiko kunakowafanya wiki inayofuata muanze kwa kuulizana "tuliishia wapi?" Asiyetaka kusoma kwa sauti asilazimishwe. Mara nyingi si woga, ni miwani (someni swali la mwalimu hapa chini).

Nusu saa ya maongezi ndiyo inayoharibika zaidi. Kinachoiua kwanza ni swali la "mmekionaje?" Mtu atajibu "kizuri", basi, kimya. Ulizeni swali linalomlazimu mtu afungue kitabu: ni ukurasa wa ngapi ulianza kumshuku yule shemeji? Ni sentensi ipi mama mkwe aliitamka bila kumaanisha? Anayejibu asome mstari wenyewe, ndipo mbishane. Kingine ni yule ambaye akishika neno haliachi, na kila kundi linaye. Gaweni njiti za kiberiti, tatu kwa kila mtu. Ukisema, unaweka moja mezani. Zikiisha, kazi yako ni kusikiliza. Afungue mjadala yule aliyebakiwa na njiti nyingi wiki iliyopita.

Kikoba kiwe mwisho, kitabu kikishafungwa. Hesabu za fedha zikitangulia, riwaya haina chake.

Mmeuliza pia, chini ya barua, kama mnaweza kutoa kopi. Kitabu kizima, hapana; hakimiliki hairuhusu. Changeni mnunue nakala ya pili. Ila ikiwa ya chapa tofauti namba za kurasa hazitalingana, kwa hiyo tajeni sura na aya badala ya ukurasa.

SWALI: Toleo lililopita msomaji wa Kilifi alishauri kurasa zinazochomoka zibandikwe kwa selotepu. Kwa heshima zote nampinga. Kitabu nilichokibandika hivyo sasa kina michirizi ya njano na kurasa zinanatana. Juu ya hapo kuna ukungu. Hakuna njia bora?
*Msomaji wa Chumbageni, Tanga*

JIBU: Pinga tu, ndugu yetu, uko sahihi. Gundi ya selotepu hulainika kwa joto, ikazama kwenye karatasi na kugeuka njano. Baadaye plastiki inabanduka yenyewe, gundi inabaki palepale. Wala usikimbilie ile gundi kali ya matone. Hukauka ikawa ngumu kama kioo, na siku ukikifungua kitabu vizuri inakatika, inaondoka na karatasi.

Tumia gundi nyeupe ya maji, ile ya mafundi seremala. Kwangua taratibu mabaki ya gundi ya zamani kwenye ukingo wa ukurasa. Laza ukurasa juu ya gazeti, ufunike kwa karatasi nyingine, uache wazi ukingo wa milimita mbili au tatu tu upande wa mgongo. Paka gundi nyembamba kwa brashi ndogo, ukianzia juu ya karatasi ya kufunikia na kuvuta kuelekea nje. Ukipaka kutoka nje kwenda ndani gundi itajipenyeza chini ya kifuniko na kuchafua maandishi. Ondoa kifuniko, ingiza ukurasa hadi uguse mgongo, ulinganishe juu na chini na wenzake. Usipofika ndani kabisa utachungulia nje, na huo ndio utakaochanika kwanza. Weka kipande cha nailoni kila upande ili gundi isikamate kurasa za jirani, funga kitabu, kiwekee tofali lililozungushiwa gazeti, usikiguse hadi kesho yake.

Kosa la karibu kila mtu ni gundi nyingi. Ikishatoka matone ukikandamiza, umezidisha.

Zikichomoka kurasa kumi na zaidi, acha kuzirudisha mojamoja, kwa sababu mgongo mzima umekufa. Hapo mtafute fundi wa kujalidi. Muombe ashone kwa uzi na si kubandika tu. Ukingo wa ndani ukiwa mwembamba atakwambia mwenyewe kwamba maneno yatamezwa na mshono, nawe uamue.

Ukungu unapenda unyevu na hewa iliyotulia, na mwambao una vyote viwili. Sogeza kabati sentimita tano kutoka ukutani, hasa ukuta unaopigwa na mvua, na usivishindilie vitabu. Kidole kikipita kati yao, hewa nayo itapita. Kitabu kilichokwisha kushikwa kitoe nje, kivulini penye upepo, kikauke *kwanza*, ndipo ukifagie kwa brashi laini huku umevaa barakoa. Ukungu mbichi ukipanguswa unapakaa tu. Juani usikianike: jalada litajikunja na gundi ya mgongo itakakamaa. Zile dawa nyeupe za mviringo za kabatini hazizuii ukungu, na mvuke wake si wa kuvutwa chumba cha kulala.

Ukiona matundu madogo na vumbi kama unga, hao ni wadudu. Kitie kitabu kikavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge kabisa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko siku nzima, maana hewa ya joto itageuka maji juu ya karatasi baridi, na hapo umejirudisha kwenye ukungu.

SWALI: Nimenunua kamusi nzuri lakini nusu ya maneno ninayoyatafuta hayamo. Mfano: *nyuzi, ndimi, wakamwendea, asiyejulikana*. Nimeuziwa kamusi mbovu?
*Mwanafunzi, Bujumbura*

JIBU: Kamusi ni nzima, mwanetu. Yote manne yamo, ila hayakai chini ya herufi ulizofungua.

Nomino huingizwa kwa umoja. *Vi-* na *wa-* hazisumbui mtu. Kazi iko kwa maneno yanayoanza na *u-*, ambayo wingi wake hubadilika sura. *Nyuzi* iko chini ya *uzi*, *nyuso* chini ya *uso*, *kuta* ni *ukuta*, *mbavu* ni *ubavu*, *ndevu* ni *udevu*, *funguo* ni *ufunguo*. Ukikutana na neno linaloanza na *ny-*, *nd-* au *mb-* na hulioni, nenda kwenye U kabla hujakata tamaa. *Meno* na *macho* yako chini ya J: jino, jicho. *Ndimi* ina mtego wa ziada. Inaweza kuwa wingi wa *ulimi*, na inaweza kuwa "ni mimi" iliyofupishwa: "ndimi niliyekuita." Sentensi itakuonyesha ni ipi.

Vitenzi vinataka kumenywa, na kanuni ni moja: anza mbele, nyuma baadaye. *Wakamwendea*: toa *wa* ya watendaji, toa *ka* ya masimulizi, toa *mw* ya mtendewa. Umebaki na *endea*. Itafute kwanza hivyo hivyo. Isipokuwepo, kata mkia: *enda*. *Asiyejulikana*: toa *a*, *si*, *ye*, imebaki *julikana*, kata mkia, *jua*. Kwa nini usikate mkia mapema? Kwa sababu mikia mingine si mikia. *Andika* na *fika* zina *-ika* mwishoni, lakini ukiikata hubaki na kitu. Angalia pia vitenzi vifupi: *aliponyweshwa* ukimenya sana utadhani neno limekwisha, kumbe shina ni *nywa*. Ndugu zake ni *la* na *fa*.

Na usifungue kamusi kila mstari, utaichukia riwaya. Weka alama ya penseli, endelea kusoma. Neno likirudi mara ya tatu na bado halijakufungukia, hilo tafuta. Maneno matano kwa mkao mmoja yanatosha.

SWALI: Mjukuu wangu ana miaka minane. Kiswahili cha nyumbani anakizungumza vizuri, shule anasoma Kiarabu na Kiingereza. Nikimpa kitabu cha Kiswahili anakwama: *ng'ombe* anaianza kama *ngoma*, *mtu* anasema *mutu*. Nianzie wapi?
*Bibi, Muscat*

JIBU: Shikamoo bibi. Mtoto ana nusu ya safari mfukoni, kwani lugha anayo sikioni. *Dh*, *th* na *gh* pia hazitamsumbua; Kiarabu kimeshamfundisha.

Mpigishe makofi ya silabi. *M-tu*, makofi mawili, na *m* ina kofi lake peke yake. *M-to-to*, matatu. Kisha *mbe-gu* na *mbo-ga*: hapa *m* imeshikana na *b*, haina kofi. Ila *mbu* na *mbwa* ni makofi mawili, *m-bu*, *m-bwa*, kwa sababu neno ni fupi mno na *m* inalazimika kusimama yenyewe. Akishayasikia kwenye viganja, *mutu* itaondoka.

Kuhusu ng'ombe, mwambie kile kijialama cha juu kinaifukuza *g*. Mwandikie jozi kwenye kadi: *ng'oa* jino, na kulia *ngoa* kwa wivu. Asome, wewe ufanye kitendo. Atacheka, na akicheka keshajua. Dakika kumi kwa siku zinatosha: wewe mstari, yeye mstari uleule, kidole chini ya maneno.

SWALI: Nina miaka 47, ni mwalimu. Zamani nilikuwa namaliza kitabu kwa siku tatu. Siku hizi nikishika kitabu usiku, kurasa mbili tu usingizi umenichukua. Nimekuwa mvivu?
*Mwalimu, Dodoma*

JIBU: Mwalimu, fanya jaribio dogo. Shika kitabu sentimita 35 kutoka usoni. Kama maandishi yanatulia tu ukinyoosha mkono, ni macho ya umri, ambayo huanza kuwapata wengi tangu miaka 40 na kitu. Misuli ya macho inafanya kazi ya ziada, kichwa kinachoka, unaita usingizi. Umri wako wengi huhitaji miwani ya kusomea ya namba kati ya +1.00 na +2.00, lakini kapimwe kwanza kabla ya kununua ya barabarani. Kama una kisukari, au kuna mtu wa presha ya macho katika ukoo, usichelewe.

Taa ya katikati ya dari haitoshi, maana unasomea kwenye kivuli chako mwenyewe. Balbu ya LED ya wati saba hadi tisa, iwe nyuma ya bega, nusu mita au zaidi kidogo kutoka kwenye kitabu. Na kitandani ni pa kulala; soma kwenye kiti, kabla ya chakula cha usiku. Kurasa kumi kwa siku humaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku 20. Siku tatu za zamani zisahau.

SWALI: Vitabu ninavyoazimisha havirudi. Niache?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Lugha yetu yenyewe haikusaidii. Wengi wetu tunasema *kuazima* kwa anayetoa na kwa anayechukua, sasa nani anajua ni cha nani?

Weka daftari lenye safu nne: jina la kitabu, aliyechukua, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Muda uwe wiki tatu. Mwezi ni mrefu, hugeuka miwili. Kitabu kimoja kwa mtu mmoja, cha pili kikifuata cha kwanza kikirudi. Siku ikifika usidai kitabu, muulize amefika sura gani. Asiyesoma atakirudisha kwa aibu, anayesoma atakusimulia, na wewe umepata maongezi.

Kile ambacho huwezi kukipata tena dukani usikitoe. Mwambie aje akisomee sebuleni kwako, chai ipo.