Kidole tumbo: lazima kukatwa au dawa zinatosha? Maswali yenu na majibu

Maswali ya kidole tumbo yamejaa kwenye inbox, mengi yanafanana, kwahiyo nimechukua machache yanayobeba mengine. Yote hapa yanahusu kidole tumbo ambacho kimevimba ila hakijapasuka, hakina jipu pembeni, na mgonjwa hali yake bado ni nzuri. Kikishapasuka hiyo ni habari nyingine kabisa.

"Daktari, miaka yote nasikia ukiambiwa kidole tumbo ni kisu siku hiyohiyo. Juzi binamu yangu kalazwa, kawekewa dripu na sindano tu, kesho yake karuhusiwa aende nyumbani na vidonge. Hajapuuzwa kweli?"

Hajapuuzwa, mradi walimpima vizuri kabla. Ile imani ya kukata palepale ina sababu yake, mwaka 1886 daktari mmoja wa Boston, Reginald Fitz, ndo aliyeonyesha kwamba usaha unaojaa tumboni na kuua watu chanzo chake ni hiki kidole, akasema kitolewe mapema. Wakati huo antibayotiki hazikuwepo kabisa, ukisubiri unakufa, basi kisu kikawa sheria na kimeokoa watu wasiohesabika. Sasa dawa zilipokuja kuna madaktari walijaribu, Uingereza miaka ya 1950 walitibiwa mamia ya watu kwa antibayotiki na wengi wakapona, lakini hakukuwa na CT skani ya kumwambia daktari ndani kukoje kwahiyo ikawa ni kubahatisha na watu wakaogopa. Kilichobadilika leo ni kipimo zaidi kuliko dawa. Leo daktari anaweza kuona kabla kwamba hiki kimevimba tu, hakijatoboka. Asipoona hivyo, hana msingi wa kukupa vidonge akuruhusu.

"Nikichagua dawa, uwezekano wa kurudi ni mkubwa kiasi gani? Nataka namba, sio maneno ya kunitia moyo."

Haya, namba. Finland walichukua watu wazima 530, wa miaka 18 mpaka 60, wote wamehakikishwa kwa CT, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa na nusu wakapewa antibayotiki, siku tatu za dripu halafu vidonge siku saba. Wale wa dawa, ndani ya mwaka mmoja asilimia 27 walikuwa wameshapasuliwa. Wakaendelea kuwafuatilia, ilipofika miaka mitano waliorudiwa wakawa asilimia 39. Marekani nao walifanya utafiti wa watu 1,552, matokeo yake yakatoka 2020, huko ndani ya siku 90 tu asilimia 29 walikuwa wamepasuliwa, na kadiri miaka ilivyosogea ikakaribia nusu, lakini kumbuka hawa wa Marekani walichukua hata wagonjwa wenye kijiwe (nitakuja hapo) ambao Finland waliwaacha nje.

Sasa watu wanasoma namba hizi kwa macho mawili tofauti. Kuna anayesema "nusu wanarudi, dawa hazifai". Mwingine anasema "zaidi ya nusu hawakukatwa kabisa". Wote wako sahihi, ndo maana siwezi kukuchagulia. Ila kuna jambo naliona lina uzito kuliko hata asilimia: kwenye ule utafiti wa Finland, wale walioshindwa na dawa ndani ya mwaka wakaenda kupasuliwa hawakupata majipu ya tumboni kwa sababu ya kuchelewa. Yaani kuanza na dawa chini ya uangalizi hakukuwafungia mlango wa upasuaji. Na matatizo mengine kwa ujumla, kidonda kuingia usaha, ngiri kwenye mshono, maumivu yasiyoisha, ndani ya miaka mitano yalikuwa asilimia 24 kwa waliopasuliwa na karibu 7 kwa wa dawa. Hapo niwe mkweli lakini, wengi wao walipasuliwa kwa njia ya zamani ya kufungua tumbo, upasuaji wa matundu (wa kuingiza kamera kwa vitundu vidogo, nitauelezea chini) una matatizo machache kuliko hayo, kwahiyo usiichukue 24 ukaitumia kumtishia mtu anayeenda kufanyiwa wa matundu.

"Niliambiwa nina kijiwe ndani ya kidole tumbo. Kina maana gani?"

Ni uchafu wa choo uliokauka na kukakamaa ndani ya kile kimrija, unaonekana kwenye picha kama kidoa cheupe. Kinaziba mlango, nyuma yake kimiminika kinajaa, bakteria wanazaliana, presha inapanda mpaka damu haifiki vizuri kwenye ukuta, na hapo ndo ukuta unaanza kuoza na kutoboka. Dawa zinaua bakteria ila kijiwe kinabaki palepale kimeziba. Kule Marekani wenye kijiwe waliopewa dawa, asilimia 41 walipasuliwa ndani ya siku 90, wasio nacho ilikuwa 25, na matatizo pia yalikuwa mengi zaidi kwa wenye kijiwe. Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia nenda kapasuliwe. Ukienda kujadili na daktari wako swali la kwanza liwe hilo: picha inaonyesha kijiwe au haionyeshi?

"Kama antibayotiki zinatibu, si ninunue tu nimeze nyumbani? Nina hizo zilizobaki za mwaka jana."

Hapana, na naomba wote mnisikie hapa maana hili swali nimelipata zaidi ya lingine lolote. Hao watu wa kwenye tafiti hawakumeza dawa zilizobaki. Walipigwa picha, wakapimwa damu, wakaanzishiwa dawa kali za mshipani, wakaangaliwa tumbo lao tena na tena, na chumba cha upasuaji kipo hatua chache. Ukimeza vidonge viwili vitatu nyumbani maumivu yanapungua kidogo, homa inashuka, unafikiri umepona, kumbe kule ndani kinaendelea. Kuna hata ile hali mbaya ambapo maumivu yanakatika ghafla, mtu anashukuru, kumbe kimepasuka na presha imetoka, baada ya masaa machache tumbo lote linakuwa gumu kama ubao, akikohoa tu anapiga kelele. Na usinywe dawa ya kulainisha choo ili uharishe ukidhani ni choo kimekwama.

Dalili za kukupeleka hospitali: maumivu yaliyoanzia kitovuni kisha yakahamia chini kulia, hamu ya kula imekata, kichefuchefu, homa, kutembea unainama. Sio lazima ziwe zote. Wengine hawana hata homa.

"Naogopa kisu kuliko ugonjwa wenyewe. Huo upasuaji wa matundu unafanyikaje?"

Unapigwa nusu kaputi, husikii chochote. Wanatoboa matundu madogo, kwa kawaida matatu, moja hapo kitovuni, wanajaza tumbo gesi ya kabonidioksidi ili liinuke wapate nafasi ya kuona, wanaingiza kamera nyembamba na vifaa vyao. Kidole tumbo chenyewe ni kitu cha sentimita chache tu, kimening'inia pale utumbo mpana unapoanzia. Wanafunga shina lake, wanakata, wanakitoa kwa kukitia ndani ya kimfuko kisiguse ukuta wa tumbo wala ngozi. Ni chini ya saa moja mara nyingi.

Ukiamka usishangae bega likauma, wengi wanaogopa wakidhani kuna kosa limefanyika, ni mabaki ya ile gesi yanasumbua misuli ya pumzi na maumivu yanajitokeza begani, yanaisha siku moja mbili. Wengi wanaenda nyumbani kesho yake au siku hiyohiyo. Kazi ya mezani unarudi ndani ya wiki moja mpaka mbili, ya nguvu inachukua muda zaidi.

Na kama uko wodini unasubiri zamu yako tangu asubuhi, usipaniki. Utafiti wa Finland na Norway uliotoka 2023 ulilinganisha kupasuliwa ndani ya masaa 8 na ndani ya masaa 24 kwa ambao hakijapasuka, waliotobokewa walikuwa asilimia 8 kwa wale wa masaa 8 na asilimia 9 kwa wa masaa 24, yaani hamna tofauti ya maana.

"Mwanangu ana miaka tisa. Na yeye anaweza kutibiwa kwa dawa?"

Anaweza, ila matokeo kwa watoto ndo hayo hayo, utafiti mkubwa uliochapishwa 2025 wenye watoto zaidi ya 900 ulionyesha theluthi moja ya waliopewa dawa walishindikana ndani ya mwaka. Mzazi fikiria pia mtoto anavyoelezea maumivu, mwingine anaficha kwa kuogopa sindano. Kama unajijua huwezi kulala kila akilalamika tumbo, upasuaji utakupa usingizi.

"Nina mimba ya miezi mitano."

Upasuaji. Kikipasuka tumboni hatari kwa mtoto inapanda sana, na utafiti wa Finland haukuwahusisha wajawazito. Unafanyika salama kwenye mimba, wahi tu.

"Nina miaka 52, nilipona kwa dawa. Nimalize hapo?"

Usimalize. Ukipita miaka 40 uwezekano wa kuwa na uvimbe unaoota (pengine saratani) ndani ya kidole tumbo unaongezeka, bado ni mdogo kwa kilichokuwa kimevimba tu ila upo, na kilichokatwa kinapelekwa maabara wakati chako kimebaki ndani hakijaonwa na mtu. Mwombe daktari picha ya kurudia na mjadili kipimo cha kamera cha utumbo mpana.

"Mimi ni baharia, miezi minne majini. Mwezi uliopita nilitibiwa kwa dawa nikapona vizuri. Nipande meli?"

Kaka, kwako jibu langu ni tofauti na la mtu anayeishi dakika ishirini toka hospitali. Mwaka 1961 daktari wa Kirusi Leonid Rogozov kilimuanza akiwa Antaktika, daktari pekee kituoni, alianza na antibayotiki zikashindwa, akaishia kujipasua mwenyewe kwa ganzi huku wenzake wamemshikia kioo. Alipona. Wewe huna haja ya kufika huko, na ndani ya mwaka huu wa kwanza ndo wengi wanarudiwa. Onana na daktari wa upasuaji kitolewe kwa mpango kabla ya safari, mwambie kazi yako ni kuvuta kamba na kubeba ili akupangie lini urudi, na usikubali kampuni ikuharakishe kabla hajakupa ruhusa kwa maandishi.