Magaga na kiangazi cha Dodoma: ninavyotunza miguu yangu

Tangu nihamie Dodoma nikitokea Tanga, nimekuwa mtu wa kuangalia visigino. Msibani ndiko pazuri zaidi, maana wote tumevua viatu na tumekaa mkekani. Huku magaga hayachagui cheo. Mvua zinaanza Desemba, kufika mwisho wa Aprili zimeshakata, na kinachobaki ni jua, vumbi na upepo, kisha Juni baridi ya asubuhi nayo inaingia. Kule pwani hewa ina unyevunyevu, mtu unaweza kujisahau mwaka mzima na miguu ikabaki laini. Huku ukijisahau kidogo tu, usiku unasikia kisigino kinakwaruza shuka.

Watu wanasema magaga ni uchafu. Si kweli, na kauli hiyo imewafanya wengi wasugue miguu kwa hasira badala ya kuitunza. Ngozi ya nyayo haina tezi za mafuta kabisa. Uso unazo tele, ndiyo maana mchana unang'aa hata hujapaka kitu. Unyayo una tezi za jasho tu. Halafu ni ngozi nene kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ngozi nene ikikauka haivutiki. Sasa simama: uzito wote unakandamiza kisigino, nyama yake inatanuka pembeni, na ule ukingo mkavu unachanika. Ukivaa ndala zilizo wazi nyuma kutwa nzima, kisigino hakina cha kukizuia kutanuka. Ongeza kuoga maji ya moto sana na sabuni ya kufulia, hata kile kiunyevu kilichokuwepo kinaondoka.

Kwa hiyo kinachokosekana ni maji ndani ya ngozi, na kitu cha kuyazuia yasitoke. Mengine yote ni nyongeza.

Mimi hufanya hivi usiku, kazi za nyumbani zikiisha. Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuogea ya kawaida, dakika kumi hivi. Siweki ndimu, siweki magadi, siweki dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo nimewaona watu wakiimimina kwenye beseni kabisa. Ngozi ikilainika napitisha jiwe la kusugulia kwenye kisigino, taratibu, kwa upande mmoja, nikiishia pale ule ukavu wa juu unapotoka kama unga mweupe. Si lazima kila siku. Na siendelei mpaka kisigino kiwe chekundu au kianze kuwasha, kwa sababu ngozi ikiumizwa hujihami kwa kuota nene zaidi, na sugu unayoifukuza leo itarudi imekomaa.

Kisha nafuta kwa taulo, hasa katikati ya vidole, na nyayo zikiwa bado na unyevu kidogo ndipo napaka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamaliza kuoga, wanapika, wanaangalia tamthilia, halafu ndiyo wanakumbuka mafuta wakati mguu umeshakauka. Kwanza napaka glisirini, ambayo huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, juu yake mafuta ya mgando, ambayo yanaziba. Halafu soksi za pamba hadi asubuhi. Mume wangu alicheka sana mwanzoni. Kiangazi kilipokolea akauliza kama kuna jozi nyingine.

Magaga yakiwa yameshakomaa, glisirini peke yake haitoshi. Nenda duka la dawa uulizie krimu yenye urea, na usome asilimia kwenye boksi. Ya 10 inatosha kwa kila siku, ya 20 au 25 ni kwa kisigino kigumu, kwa sababu inalegeza ile ngozi iliyokufa. Usiipake kwenye ufa uliofika kwenye nyama, utaruka. Ufa wa namna hiyo usafishe, upake mafuta ya mgando, ufunge, uache ujifunge kwanza.

Najua watu wa kwetu watauliza: na mafuta ya nazi je? Nayapenda, na nikienda nyumbani sirudi bila chupa. Lakini kwa upepo wa Dodoma ni mepesi, mpaka uyafunike kwa mgando. Liwa na singo navyo ni vizuri kwa harufu na kwa ngozi ya juu ya mguu. Kisigino kilichopasuka hakijui habari zao.

Sasa wale vijana wa ndoo. Unawajua: ndoo ndogo, brashi, jiwe, chupa za rangi za kucha zimepangwa kwenye kikapu, anakufuata mpaka mlangoni. Wanafanya kazi nzuri na wengi wana heshima. Juzi mmoja alikaa mbele yangu sokoni, akageuza kisigino changu kwenye mwanga, akaniambia:

"Dada, hapa nikupitishie wembe kidogo tu, kitakuwa kama cha mtoto."

"Wembe hapana, kaka. Na hilo jiwe rudisha, ninalo langu."

Akacheka, akalipokea langu. Maji yalikuwa yale aliyomwoshea mama aliyenitangulia, yameshakuwa ya kijivu, nikamwomba akabadilishe kabla sijatia mguu. Hakukasirika. Muulize tu vizuri. Fangasi hupita kwenye maji na brashi za kuchangia, na wembe uliogusa damu ya mtu mwingine hauna maelezo. Hata ukiwa mpya, wembe unakata ngozi hai pamoja na iliyokufa, na ile kanuni ya sugu kurudi nene inabaki palepale. Kucha mwambie azikate moja kwa moja bila kuchimba pembeni, zisije zikaota ndani ya nyama.

Ujana wa mguu, ukitaka niseme ukweli, uko juu na si chini. Huko ngozi ni nyembamba na jua la sandozi linaipiga kila siku mpaka inaacha ramani ya mikanda. Losheni ya kuzuia jua unayopaka usoni, yenye namba 30 au zaidi, ishushe hadi kwenye vidole. Weusi kwenye viungo vya vidole na sugu ya kwenye kifundo kwa kukaa au kusali vipo, navyo si ugonjwa. Ukivipaka mkorogo vitakuwa vibaya zaidi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado kuna zile tyubu zenye steroidi kali zinazouzwa kama krimu ya urembo. Zinapunguza unene wa ngozi mpaka mishipa inaonekana. Hakuna kinachozeesha mguu haraka hivyo.

Katikati ya vidole usipake mafuta kabisa. Pale shida ni maji, si ukavu. Kama unatawadha mara tano kwa siku halafu unaingiza mguu mbichi kwenye kiatu cha kufunika, fangasi wamepata nyumba. Beba kitambaa kidogo cha kufutia. Wakishaingia, krimu ya klotrimazoli inasaidia, ila usiache siku muwasho unapoisha; fuata muda alioandika mfamasia. Na kama unyayo mzima una unga mkavu unaofuata mistari ya ngozi, pengine mguu mmoja zaidi ya mwingine, na mafuta hayasaidii, huenda ni fangasi na si magaga.

Mwenye kisukari asifuate utaratibu wangu wa beseni. Ganzi ya miguu inaweza kumfanya asijue kuwa maji yanamwunguza, wala kwamba jiwe limemchubua. Yeye akague nyayo kila siku, kwa kioo au kwa kusaidiwa na mtoto, asitembee peku hata sebuleni, na kidonda chochote akipeleke kliniki siku hiyohiyo.

Wengine nao ukague mguu wako. Sisi wenye ngozi nyeusi tunadhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu na albino, kumbe ipo aina inayopenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki 1981. Doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, au mstari mweusi mpya unaokua kwenye ukucha mmoja, umwone daktari wa ngozi. Kwa wa kaskazini, hospitali ya KCMC pale Moshi ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kwingineko anzia hospitali ya mkoa wako, na rangi ya kucha ifute kabla hujatoka nyumbani, maana daktari hawezi kuona chini yake.