Fundi anataka asilimia 70 kabla ya kuanza: nimpe?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nyumba yangu ya vyumba vitatu hapa Tabata inavuja, na mbao za paa zimeliwa na mchwa. Nataka kuezua na kuezeka upya. Fundi wa mtaani kanipa bei nafuu, ila anataka asilimia 70 mkononi kabla hajapanda juu. Kampuni moja imenipa bei kubwa zaidi na inasema imesajiliwa. Mume wangu yuko kazini mkoani, kwa hiyo mimi ndiye nitakayesimamia, na ujenzi siujui. Nimchague nani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na hiyo 70: usiitoe. Fundi anayeomba fungu kubwa hivyo mara nyingi si mwizi. Ana kazi ya mtu mwingine iliyokwama, na pesa yako ndiyo itakayoimaliza. Kisha atatafuta mteja wa tatu ili amalize ya kwako, na asipompata utabaki na kuta unatazama mawingu.

Hata hivyo hawezi kuanza mikono mitupu. Ana nauli, ana chakula cha saidia fundi wake. Kwa hiyo tenganisha vifaa na ufundi. Vifaa vinunue mwenyewe dukani, risiti ya EFD ibaki kwako, mzigo ushushwe nyumbani kwako. Ufundi ulipe kwa hatua: asilimia 20 ya kuanzia, fungu la pili kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zikishasimama na papi (mbao za kushikilia bati) kupigiliwa, la tatu bati na kofia (vifuniko vya kilele cha paa) zikikamilika, na asilimia 10 ikae kwako mpaka mvua kubwa inyeshe na paa lisivuje. Kwenye miradi mikubwa tunakiita kipindi cha matazamio, na sioni kwa nini nyumba ya vyumba vitatu ikose.

Kuhusu bei, mwambie kila mmoja akuandikie mchanganuo: idadi ya mbao na vipimo vyake, bati ngapi na geji gani, yaani unene wake, kofia, misumari, fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa). Hapo ndipo unafuu unapojificha. Geji 28 na geji 30 ukizitazama kutoka chini hutaona tofauti, lakini namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Nimewahi kupanda juu ya nyumba moja Kigamboni nikakuta upande wa barabarani ni 28 na upande wa uani ni 30, na mwenye nyumba alilipia 28 tupu. Kwa mbao, wewe mwenye mchwa usikubali rangi ya kijani ya juujuu. Kata kipande kimoja katikati uone kama dawa imeingia ndani.

Hiyo kampuni usiisadiki kwa mhuri tu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ina orodha ya makandarasi na madaraja yao, kuanzia la saba hadi la kwanza. Peleka jina kamili uhakikishe. Kisha waulize ni nani hasa atakayepanda kwenye paa lako, maana kampuni inaweza kusajiliwa vizuri halafu ikakuletea kibarua wa jana. Naye fundi wa mtaani usimdharau kwa kukosa chuo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, na wapo mafundi wazuri sana wenye cheti hicho.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko karatasi yoyote ni hiki: kila mmoja akupeleke kwenye nyumba aliyoiezeka kabla ya masika iliyopita. Kazi ya wiki jana haina la kukuambia, kwa kuwa kila paa jipya linang'aa. Rudi hapo siku nyingine bila fundi, ongea na mwenye nyumba. Tazama dari kwenye pembe kama kuna madoa ya kahawia. Muulize: palipotokea kasoro, alipomwita fundi, fundi alirudi? Jibu la swali hilo nalithamini kuliko sifa zote nyingine.

Muulize na fundi mwenyewe mambo mawili. Msumari wa bati unapigwa wapi? Ajibu juu ya mgongo, si bondeni maji yanapopita. Utaanza kuezeka upande gani? Ajibu upande ambao upepo hautokei, ili maungio yasiufungulie mdomo. Akibabaika, muage kwa heshima.

Mkisikilizana, andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja mbele ya serikali ya mtaa, ukiambatana na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA na tarehe ya kumaliza.

Kwa kazi ya paa peke yake, akivuka haya, mimi ningempa fundi wa mtaani. Tofauti ya bei itumie kumlipa fundi sanifu aje mara tatu: mbao zikifika, kenchi zikisimama, na kabla ya kulipa fungu la tatu. Hapo hutakuwa unasimamia peke yako.

Na bati la zamani lisishushwe hata moja kabla mapya na mbao zote hazijafika uani. Waezue upande mmoja, waufunike, ndipo wahamie wa pili. Siku hiyo umeme uzimwe kwenye swichi kuu, maana nyaya zilizopita darini zitakuwa miguuni mwao.