Jibu: Wamepigana, nimewakalisha duara, mmoja hasemi kitu

Habari mwalimu, pole na kazi. Umesema vijana wako wawili wa kidato cha pili walipigana, ukawakalisha kwenye duara na darasa zima ili wazungumze na kupatana, na yule aliyepigwa amegoma kusema hata neno.

Kwanza angalia: uliongea na kila mmoja peke yake kabla? Mimi hapa Moshi mara ya kwanza nililiruka hilo, nikaambulia ukimya kama wako. Siku hizi naanza na aliyeumizwa, tena nje chini ya mti, si ofisini (ofisini wanasubiri fimbo tu). Namuuliza nini kilitokea, kimemuumiza vipi, anataka kifanyike nini. Asipotaka kukutana na mwenzake, simsukumi.

Halafu usianze na "ombaneni msamaha". Hata jani la isale, lile la kuombea msamaha huku Uchaggani, hutolewa na mkosaji aliyekwisha kubali kosa. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekosa alianza kwa kulipa daftari la mwenzake alilolichana. Msamaha ulikuja wiki ya pili, wote wawili wakiwa zamu ya kumwagilia bustani.

Darasa zima litoe kwenye duara, watazamaji ndio wanaofunga midomo. Ila kama ni uonevu wa muda mrefu bwenini, huo sijawahi kuushughulikia. Mshirikishe mapema mwalimu wa malezi na wazazi.