Maswali na Majibu: Fedha za Umma kwa Viwanja vya Klabu Ndogo

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ya mpira wa miguu yenye timu ya wakubwa, timu za watoto na timu ya wasichana iliyoanzishwa karibuni. Uwanja wetu hutuama maji kila mvua inaponyesha, na kwa kuwa hatuna vyumba vya kubadilishia nguo, wasichana huja wakiwa wamevaa jezi kutoka nyumbani. Tumeomba ruzuku ya halmashauri, tukanyimwa bila kupewa sababu. Sasa baadhi ya wanachama wanataka tuombe jukwaa la watazamaji, wakisema litavutia zaidi. Je, tufuate ushauri huo?

Jibu: Ndugu Katibu, kwanza iandikieni halmashauri barua ya kuomba sababu za kukataliwa. Ofisi inayogawa fedha za umma inawajibika kueleza uamuzi wake, na kukaa kimya juu ya ombi la wananchi si utumishi mwema.

Mkisubiri jibu, zikagueni hati za uwanja wenyewe, kwa sababu maombi mengi ya klabu ndogo hukwama hapo. Klabu huwa imecheza mahali pamoja miaka mingi kwa ridhaa ya mdomo tu, na ofisa makini hawezi kuidhinisha jengo la kudumu juu ya ardhi ambayo mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Kama uwanja ni wa halmashauri, wa shule au wa mtu binafsi, ombeni mkataba wa upangaji wa maandishi, tena wa muda mrefu kuliko umri wa kile mnachotaka kujenga. Nyasi bandia, kwa mfano, kwa kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 8 hadi 12, na jengo la matofali hudumu zaidi ya hapo. Mkataba wa miaka 3 hauwezi kubeba mradi wa namna hiyo.

Jukwaa liacheni. Jukwaa huwafaa watazamaji kwa saa chache za mechi, ilhali vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo na uwanja mkavu huwafaa wachezaji kila siku ya mazoezi, na bila vyumba hivyo ni vigumu kuwabakiza wasichana klabuni.

Kuhusu maji, msikimbilie kuomba nyasi mpya kabla hamjajua chanzo. Chimbeni shimo moja mbele ya goli, ambapo miguu hukanyaga kuliko pote, na jingine kwenye kona isiyochezewa sana, kisha mwage maji katika yote mawili. Yakinywea upesi kwenye kona na kukaa mbele ya goli, tatizo ni udongo ulioshindiliwa, ambao wanachama wenyewe wanaweza kuutoboa kwa uma wa bustani na kuutia mchanga. Yakikaa kote, huenda ni udongo wa mfinyanzi, na hapo itahitajika mifereji yenye mabomba yaliyotobolewa, yaliyozikwa katika kokoto kwa mteremko uliopimwa na fundi. Kazi hiyo ndiyo inayostahili kuombewa ruzuku, ikiambatana na mchanganuo wa gharama na hesabu za klabu zilizokaguliwa.

Jambo la mwisho ni matunzo. Ruzuku za aina hii kwa kawaida hulipia ujenzi, wala si ankara za umeme, mlinzi au paa linalovuja. Waelezeni watoaji ni nani atakayelipa gharama hizo mwaka wa tatu na wa nne, na kwa fedha zipi.

Swali: Mimi si mwanachama wa klabu yoyote. Kwa nini kodi yangu iwajengee watu wachache uwanja?

Jibu: Ndugu msomaji, hoja yako ni ya haki, na jibu lake linategemea masharti ya ruzuku. Hati ya kimataifa ya UNESCO ya mwaka 1978, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, inatambua kwamba michezo ni haki ya msingi ya kila mtu. Kwa hiyo fedha ya umma haipaswi kugeuzwa mali ya wachache. Nchini Norway, ambako sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya taifa hugharimia viwanja, ruzuku hiyo kwa kawaida hufika theluthi moja ya gharama zilizokubaliwa, na kazi ya kujitolea ya wanachama huweza kuhesabiwa katika mchango wao. Huko, kituo kilichofadhiliwa hutakiwa kuwa wazi kwa umma kwa miaka mingi.

Ninaona sharti hilo lifuatwe popote. Ratiba ibandikwe langoni, ikionyesha saa za shule, za wazee na za watu wasio wanachama, na klabu itakayofunga lango lake irudishe fedha. Yote hayo yaandikwe katika mkataba kabla malipo ya kwanza hayajatoka.