Jibu: Je, kugawa chakula kunatosha?
Ndugu, umeuliza kama kanisa linalogawa unga na nguo kwa maskini limekwisha kutimiza wito wake. Katika Matendo ya Mitume 6, Wayahudi wasemao Kiyunani walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuongeza mikate tu, bali waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo, na wote saba wana majina ya Kiyunani, kana kwamba usimamizi ulikabidhiwa upande uleule uliolalamika. Nchini Kenya, Askofu David Gitari alihubiri waziwazi dhidi ya unyakuzi wa ardhi, na mwaka 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Mkulima aliyenyang'anywa shamba anahitaji chakula leo, naam, lakini parokia inayomlisha huku ikimnyamazia mnyang'anyi, ambaye pengine huketi kiti cha mbele ibadani, bado haijamtendea haki.